Betri za Redio ya Mjomba

Nyumba ya bibi yangu iko Newala mjini, kando ya barabara inayokwenda sokoni, na chumba chake cha mbele kina mlango unaofungukia barabarani moja kwa moja. Bibi alipokuwa hai aliuzia humo vyungu. Alipofariki chumba kikapigwa kufuli, kikawa ghala la madumu ya maji, maana katika mji wetu mtu anaweza kukosa kiti cha kumkalisha mgeni lakini madumu hayakosi. Mama na mimi tunaishi vyumba vya nyuma. Mimi nilikitaka kile cha mbele. Nilikitaka kiwe karakana yangu, ya kwangu mwenyewe, na sikuona haya kulisema mbele ya mtu yeyote.

Tatizo ni kwamba nyumba ya bibi si ya mtu mmoja. Ni ya wanawe watatu: mama yangu, ambaye ndiye mkubwa, kisha mjomba, kisha mama mdogo. Na kwetu mjomba ndiye msemaji wa mwisho, hata akiwa mdogo kwa dada yake. Mjomba alikuwa ameshazungumza na bwana mmoja anayeuza salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho, na yule bwana alitaka kukipanga chumba kabla msimu wa kupuliza haujaanza. Mama aliposikia akampigia simu. Sijui waliambiana nini chote, kwa kuwa alitoka nje kuongea, lakini nilimsikia akisema, "Mwanangu siyo mgeni kwenye nyumba hii," kisha akakata.

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Mjomba akitaka kumwambia mama jambo, anamwambia mama mdogo. Mama akijibu, anamjibu mama mdogo. Na mama mdogo, maskini, aliyepanga nyumba ya jirani yetu na hana neno na mtu, salio la simu yake lote likawa linaishia kwenye ugomvi usio wake. Mimi nilikaa katikati nikijua kabisa kwamba chanzo ni mimi, na badala ya kunyamaza nikazidi kununa. Nina hasira za karibu. Mama anasema nimezirithi kwa mjomba, na mjomba anasema nimezirithi kwa mama.

Mwishowe mjomba akatuita kijijini kwake, Chilangala. Alisema, kupitia kwa mama mdogo kama kawaida, kwamba hawezi kumnyima mtoto wa dada yake bila kumsikiliza, lakini pia hawezi kutoa chumba kwa kitu asichokijua. Nije na kazi yangu aione, kisha siku hiyohiyo atatoa jibu, kwangu au kwa mtu wa salfa. Anayemfahamu mjomba anajua kwamba kuona kwake ni kushika. Baiskeli hainunui mpaka ameibonyeza matairi. Gunia la korosho hulitumbukizia mkono mpaka kwenye kiwiko, hata kama lina ndugu yake pembeni anayeapa kwamba ni kavu. Niliposikia anataka kuona kazi yangu nilifurahi mno, kwa sababu nilikuwa na kitu cha kumshikisha.

Ufundi niliupata Masasi, kwenye banda moja nyuma ya stendi, kwa fundi mtu wa Chiungutwa, hodari wa kazi na mchoyo wa maneno. Kazi kubwa pale ilikuwa kusuka transfoma zilizoungua: za stebulaiza za mafriji, za chaja, za amplifaya zinazopigwa kwenye sherehe za unyago mpaka zinatoa moshi. Watu wengi wakisikia transfoma wanafikiria lile dude la kwenye nguzo. Lile ndilo kubwa lao. Yapo madogo yanayokaa kiganjani, na maumbile ni yaleyale. Kuna vibati vyembamba vya chuma vilivyobanwa pamoja, na juu yake zimezungushwa koili mbili za waya wa shaba. Koili moja ina waya mwembamba, mizunguko elfu na ushei. Nyingine ina waya mnene, mizunguko sabini na kitu. Koili hizo mbili hazigusani. Hilo ndilo lililoniacha mdomo wazi siku ya kwanza. Unaingiza umeme wa nguzo, volti mia mbili na thelathini, kwenye ile ya mizunguko mingi, na kwenye ile ya mizunguko michache, ambayo haijaunganishwa na kitu chochote, unapima volti kumi na mbili.

Kinachovuka ni sumaku iliyo ndani ya kile chuma. Waya wenyewe hauvuki. Mizunguko ya upande wa pili ikiwa michache, volti zinashuka kwa kiasi hichohicho. Ikiwa mingi, zinapanda. Wala hakuna cha bure, kwa sababu volti zikipanda, mkondo unaoweza kuchota unapungua. Nilizoea haraka kuhesabu mizunguko huku watu wananisemesha, na fundi wangu alipoona hivyo akaacha kunisimamia, jambo ambalo kwake lilikuwa sifa kubwa.

Siku moja nilimuuliza je, nikiingiza umeme kwa mlango wa nyuma, kwenye ile mizunguko michache? Alisema, "Ukigeuza, inapanda," akaendelea kula muhogo wake. Nikajaribu. Nilichukua volti kumi na mbili zilizotoka kwenye transfoma moja, nikaziingiza kinyume kwenye transfoma nyingine, na balbu ya kawaida ya nyumbani ikawaka upande wa pili. Nilicheka peke yangu mpaka watu wa stendi wakachungulia.

Basi hapo ndipo nilipopata mpango wa Chilangala. Nyumbani kwa mjomba hapakuwa na umeme wa nguzo. Nguzo zilipita barabarani na hazikukata kona kuingia kwake. Alikuwa na sola, na betri kubwa ya volti kumi na mbili, na taa zake ndogo. Mimi nilikulia kwenye umeme wa namna hiyo. Kwetu umeme ulikuwa kitu kinachokaa ndani ya betri kama maji ndani ya dumu, unafungua unachota. Nikajiambia kumi na mbili ni kumi na mbili. Nitaigeuza transfoma, nitaifunga betri ya mjomba upande wa mizunguko michache, na upande wa pili nitamwashia balbu ya mjini ndani ya nyumba isiyo na nguzo. Akiona hivyo, mtu wa salfa atafute njia. Madukani nilishaziona inveta, vile viboksi vinavyofanya kazi hiyohiyo, na niliamini kabisa kwamba ndani mna transfoma tu na wauzaji wanatutoza uzuri wa bati.

Tulifika Chilangala baada ya swala ya adhuhuri, transfoma ikiwa kikapuni mwangu, nimeifunga kanga, inanivuta bega. Mjomba alitupokea uani. Nilimwamkia, akaitikia. Mama mdogo akamwamkia, akaitikia. Ikawa zamu ya mjomba kumwamkia mama, dada yake mkubwa, na sote tukasubiri. Alisema, "Karibuni, karibuni," akageuka kuagiza mkeka.

Mama alichukua ungo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akamwomba mke wa mjomba choroko za kupepeta, akaenda kukaa pembeni na kutupa mgongo. Mwanamke anayefika ugenini na kujitafutia kazi kabla hajanywa hata maji ana hasira, na kila mtu pale uani alilielewa hilo. Niliumia. Nilikuwa tayari kukosa chumba, lakini kukosa chumba na bado hawa wawili wasisemeshane, hilo sikulipangia.

Meza ikatolewa nje. Betri ikaletwa. Nikaeleza habari za koili mbili, chuma katikati, mizunguko michache na mizunguko mingi, na mjomba akawa anaigusagusa transfoma kwa kidole kama anayempima mtoto homa. Nikafunga balbu upande wa mizunguko mingi. Nikamwambia atazame. Nikagusisha nyaya kwenye betri.

Balbu haikuwaka. Nilisubiri. Waya mnene ukaanza kupata moto vidoleni mwangu, na harufu ya vanishi inayopakwa kwenye waya ikatoka kwenye koili, harufu ninayoijua vizuri kwa kuwa ndiyo inayotuletea wateja. Nikachomoa haraka, cheche ikaruka. Nikageuza nyaya, nikagusisha tena. Kimya. Mjomba aliangalia balbu, akaangalia kivuli cha ukuta kuona jua limefika wapi. Kisha alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniumiza, kwamba yule mtu wa salfa naye ana mzigo wake, na mzigo wake ukiuweka mezani unaonekana. Akauliza kama nimemaliza.

Nilitaka kulia, na nilitaka kuitupa ile transfoma chooni. Nilisema sijamaliza. Sikuwa na wazo lolote kichwani, ila tu kwamba nikikubali nimemaliza, nimemaliza kweli. Nikagusisha tena kwa hasira, safari hii nimeikazia macho balbu, na nilipochomoa nikaiona. Ilikonyeza. Kidogo sana, mara moja, wakati wa kuchomoa, kisha giza.

Nyuma yangu mama alikuwa anapepeta. Uani palikuwa kimya kiasi kwamba ungo wake ndio uliosikika, chwa, chwa, chwa, na pumba zinaangukia upande mmoja. Nilisimama na ule waya mkononi nikisikiliza. Ungo ukiushika umetulia, hata ukiujaza vipi, hautoi pumba hata moja. Mpaka utikiswe.

Umeme wa nguzo unatikisika. Unakwenda na kurudi, mara hamsini kwa sekunde, na sumaku ndani ya chuma inajaa na kubomoka nao, na ni kule kujaa na kubomoka kunakozisukuma volti upande wa pili. Maneno mkondo geu na mkondo mnyoofu nilikuwa nayajua, kama mtu anavyojua jina la kijiji asichowahi kufika. Siku ile nilifika. Umeme wa betri umesimama palepale. Sumaku inajaa mara moja na kukaa, na kitu kilichokaa hakivuki. Kinavuka wakati wa kuingia na wakati wa kutoka tu. Kumbe ndani ya zile inveta kuna kitu kingine kinachoutikisa umeme kwanza, na wauzaji niliwasingizia bure.

Balbu nisingeweza kuiwasha. Lakini palikuwa na mtu asiyeamini mpaka ashike.

"Mjomba," nilisema, "niazime betri za redio yako."

Redio ile anaibeba shambani, ndiyo maana bado anaitilia betri za kawaida. Akazitoa mbili, huku anatabasamu. Betri kubwa imeshindwa, alisema, sasa hizi, ambazo watoto wanazilamba kujua kama zimekwisha? Nikatoa balbu. Nikamwomba ashike ncha mbili za waya mwembamba, moja kila mkono, azibane. Nikamwambia zitamuuma kidogo, na nikamuuliza kama moyo wake hauna tatizo. Alisema moyo wake ni mzima kuliko wangu, na kwamba ameshaumwa na nge shambani akaendelea kupalilia.

Niligusisha betri moja upande wa mizunguko michache. Mjomba akanitazama kwa huruma. Nikachomoa.

Mikono yake iliruka juu, kofia ikaanguka, na akatutazama mmoja mmoja kutafuta nani amempiga. Hakuna aliyecheka, hatukuthubutu. Aliokota kofia, akaikung'uta, akaivaa. Kisha akanyoosha mkono akaichukua ile betri na kuilamba, mbele ya watu, mzee mzima, kuhakikisha kama ni ileile.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Akaruka tena, ila sasa alikuwa anajua, na alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyepanda na mzigo kutoka bondeni. Aliuliza hizo nguvu zimetoka wapi, maana kwenye betri hazimo. Nikamwambia ni kweli hazimo. Betri inakijaza chuma sumaku polepole. Nikichomoa, sumaku yote inabomoka kwa mpigo, na kila mzunguko wa waya unapata sehemu yake, na mizunguko ni elfu na ushei, imejipanga mmoja nyuma ya mwingine mpaka vidoleni mwake. Alifikiri. Aliuliza kama mizunguko ingekuwa michache angeumia kidogo. Nilimwambia asingesikia hata mdudu. Hapo akacheka, kicheko kifupi, cha mtu aliyeelewa.

Basi akataka na wengine waonje. Mjomba wangu akipata utamu au uchungu hawezi kukaa nao peke yake. Akamwita mama mdogo, akampa ncha moja ya waya, yeye akabaki na nyingine. Nikawaeleza kwamba hivyo haitoshi. Lazima wawili hao waunganike, ama washikane mikono, ama awepo mtu katikati, la sivyo umeme hauna njia ya kuzunguka. Meza ilikuwa kati yao na nyaya zilikuwa fupi. Walijaribu kunyoosha mikono, haikufikiana. Mke wa mjomba alisema ana presha, akaingia jikoni kabla hajaombwa. Akabaki mama.

"Mwambie dada yako aje," mjomba alimwambia mama mdogo.

"Mwambie mwenyewe," alisema mama mdogo. "Mimi mikono imejaa."

Alikuwa ameshika waya mmoja, kwa vidole viwili.

Ungo ukanyamaza. Mjomba alikohoa, akaangalia betri, akaangalia mikorosho kule nyuma ya choo, akaangalia kila kitu kisichokuwa mama.

"Dada," alisema. "Njoo."

Mama hakuharakisha. Aliweka ungo chini, akakung'uta kanga, akaifunga upya, akaja kusimama mbele ya meza. Mkono mmoja alimpa mama mdogo. Wa pili aliunyoosha kwa mjomba, ukabaki pale hewani, na macho yake usoni kwake. Kwetu mdogo haupokei mkono wa mkubwa wake kimyakimya. Kila mtu anajua linalotangulia.

"Shikamoo, dada," alisema mjomba.

"Marahaba, mdogo wangu."

Akaushika. Safari hii niliunganisha betri zote mbili, kwa kuwa watu walikuwa watatu. Nikagusisha, nikawapa nafasi ya kuvuta pumzi, nikachomoa.

Waliruka pamoja, watoto watatu wa bibi, kwa wakati mmoja, kama waliofundishwa. Kanga ya mama mdogo ilidondoka begani. Nyaya zikawatoka wote wawili zikalala mezani. Mama alicheka. Alicheka mpaka akainama, kicheko ambacho sikukisikia tangu tulipomzika bibi, na nilitazama pembeni ili nisianze kulia kabla ya jibu. Betri nilikuwa nimeshaziweka kando. Pale mezani hapakuwa na umeme wowote tena, na mjomba na mama walikuwa bado wameshikana mikono.

"Sasa yule wa salfa tumwambieje?" mjomba alimuuliza, yeye mwenyewe, uso kwa uso.

"Mwambie atafute kwingine," alisema mama. "Kile chumba kina mtu."

Madumu niliyahamishia uani wiki ileile. Nilipomsimulia fundi wangu wa Masasi, alishangaa kwamba sikujua betri haifai, akasema alidhani alishaniambia. Aliniambia ukigeuza, inapanda, basi, na nilimwambia hivyo wazi. Sasa nasuka stebulaiza za nusu ya mji, maana umeme ukirudi baada ya kukatika hurudi na hasira, na inveta ninazifungua mwenyewe, kwa heshima. Mjomba akija Newala hukaa kwenye benchi langu, na mteja akionekana hana imani, yeye huchomoa betri za redio yake mfukoni na kuniambia, "Muonjeshe."

Lakini kabla ya kukaa hupita kwanza ndani. Nikiwa na waya mkononi na hesabu ya mizunguko kichwani, humsikia upande wa pili wa ukuta akibisha hodi, kisha, "Shikamoo, dada." Huwa nasimamisha kuhesabu mpaka nisikie marahaba, ndipo naendelea.